PC ya gemu kwa hela ya kuunga unga: usianze na kadi

Karibu kila wiki hapa Ngamiani, Tanga, kuna kijana ananisimamisha na simu mkononi, kaona picha ya kadi ya grafiksi inauzwa Kariakoo, na swali ni lile lile, "Kaka, hii inakubali GTA?" Na mimi jibu langu halibadiliki, inakubali mdogo wangu, ila utaichomeka wapi? Hapo anatulia. Mashine ya nyumbani hajui jina lake, pawa saplai hajui ina wati ngapi, hata keisi hajui kama ni tawa au ile nyembamba ya kulaza mezani, yani kaanza kutafuta tairi wakati hajui gari lenyewe ni gani.

Naandika hii kwa sababu yalimkuta mtoto wa shangazi yangu. Alihangaika na machungwa ya Muheza msimu mzima, alfajiri yuko shamba jioni yuko sokoni na magunia, hela anatunza kidogo kidogo, ilipofika akaagiza kadi ya RX 580 ya GB 8 kutoka Dar. Kadi ikaja nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Sasa nyumbani kuna Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba. Tukafungua mfuniko, kadi haiingii kwa urefu wala kwa kimo, na hata ingeingia pawa saplai ya mle ndani ni ya wati 255 na haina waya wa kulisha kadi, wakati RX 580 peke yake inakula mpaka wati 185. Muuzaji akagoma kurudisha. Ile kadi ikakaa chini ya kitanda miezi mitano, kila nikienda kumsalimia shangazi naiona pale, iliniuma kweli kwa sababu hela ile ile ingemnunulia mashine nzima ya kuchezea. Mtu mwenye bajeti ndogo mara nyingi hapotezi hela kwa kununua kitu dhaifu, anapoteza kwa kununua kitu kizuri kisichoingiliana na alichonacho. Basi twende kwa mpangilio ambao hautakutupa.

Chukua daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwetu kwenye spea za kompyuta ndo hasa. Andika gemu tatu nne ambazo UNACHEZA KWELI, sio zile unazozitamani ukiona video za watu wa Marekani. Kwa vijana wengi wa hapa orodha inakuwa PES 2021, GTA V, FC (mpira wa EA), labda na CS2 ya kupigana risasi. Alafu kila moja angalia inataka nini, maana zinatofautiana mbali sana. GTA V ilitoka kwenye PC mwaka 2015 na kadi waliyopendekeza wenyewe ni GTX 660 ya GB 2, kadi ya mwaka 2012 hiyo, leo ni kitu cha zamani kabisa. Ila EA FC 24 kiwango chake cha chini tu ni GTX 1050 Ti, RAM GB 8 na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Ukishayaona hayo mawili utaelewa kwa nini swali la "kadi gani nzuri" halina jibu mpaka useme nzuri kwa gemu gani.

Pembeni ya gemu andika kioo ulichonacho. Hiki watu wanakiruka na ndo kinaokoa hela nyingi kuliko vyote. Kadi kazi yake ni kuchora nukta, kwa kila fremu, yani kila picha moja ya mwendo wa gemu, inachora nukta zote za kioo upya. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta milioni 2 na kidogo, monita za zamani za ofisini na TV nyingi za inchi 32 ni 1366 kwa 768, hiyo ni nukta milioni 1 na kidogo. Nusu! Kwa hiyo kadi inayohema kwenye kioo kikubwa cha rafiki yako inaweza ikakimbia vizuri tu kwenye TV ya sebuleni kwenu. Kama hela ni ndogo usinunue monita mpya sasa hivi, cheza kwenye ulichonacho, monita utaongeza mwakani. Ila angalia matundu ya nyuma, monita za zamani nyingi zina VGA tu na kadi za kuanzia GTX 10 hazina VGA, hivyo utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA, ni kitu kidogo ila usipokibeba siku hiyo utakaa unaangalia kioo cheusi.

Sasa mashine. Kwa bajeti ya chini njia ninayoiamini ni mtumba wa ofisi, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Hizi zilikaa kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani, kazi yake barua pepe na mahesabu, ofisi zikibadilisha mashine zinauzwa kwa mafungu na mwisho wa safari zinaangukia kwenye maduka yetu. Zimeundwa imara, mazabodi (ubao mkuu wa ndani) safi, prosesa ipo, RAM ipo, Windows mara nyingi ipo na leseni yake. Ukijaribu kununua kila kipande kipya kivyake hutafika hapo kwa hela ile ile.

Ila chukua TAWA. Sio nyembamba, na sio ile ndogo kama kitabu. Najua nyembamba ni nafuu na inapendeza mezani, ila nyembamba inataka kadi fupi za kimo kidogo ambazo ni adimu na bei yake iko juu kuliko kadi ile ile ya kawaida, alafu hewa ndani yake ni ndogo na kwa joto la Tanga la kuanzia Desemba mpaka Machi hilo sio jambo dogo. Tofauti ya bei ya tawa na nyembamba utairudisha siku unanunua kadi.

Prosesa usidanganywe na stika. Muuzaji atakwambia "bosi hii i7 hii" kama vile kamaliza, wakati i7-2600 ni ya mwaka 2011 na i3-12100 ya mwaka 2022 inaiacha mbali sana. Soma namba zinazofuata baada ya kistari, i5-4590 ni jenaresheni (kizazi) ya 4, i5-6500 ni ya 6, i5-8500 ni ya 8. Ukikuta tarakimu tano kama 12100 basi mbili za mwanzo ndo jenaresheni. Kwangu mimi chini ya jenaresheni ya 4 usishuke. i5-4590 ina kori 4 (vichwa vya kufanya kazi) na thredi 4 (kazi inazoshika kwa mara moja), i7-4790 ina kori 4 thredi 8, na kwa gemu za sasa zile thredi za ziada zinasaidia isistaki ukiingia katikati ya mji kwenye GTA. i5-8500 ina kori 6, hiyo ukiipata kwa bei ya maana chukua usifikirie mara mbili, na sababu sio kasi tu.

Sababu nyingine ni Windows. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia jenaresheni ya 8 na inataka TPM 2.0, kile kichipu cha usalama. Kuna watu wanailazimisha kwenye mashine za zamani na inawaka, ila gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya wezi wa mchezo hazikubali ujanja huo, Valorant kwa mfano ukiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka) viwe vimewashwa. Kama wewe ni mtu wa PES na GTA ya peke yako, jenaresheni ya 4 bado itakulisha miaka. Kama roho yako iko kwenye gemu za mtandaoni, vumilia, ongeza miezi miwili ya kujichanga uifikie ya 8.

Tufike kwenye pawa saplai, na hapa naomba usome taratibu.

Kwanza kabla hujachomeka chochote geuza mashine uangalie nyuma. Pawa saplai nyingi za zamani zina kiswichi chekundu, kimeandikwa 115 au 230. Marekani wanatumia volti 115 hivi, sisi ni 230. Mashine ikitoka kule moja kwa moja kiswichi kinaweza kuwa kimekaa kwenye 115. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, nilifika nayo nyumbani usiku, nimechoka, nimefurahi, nikachomeka, paa! Moshi, harufu ya kuungua chumba kizima, mama akatoka kule jikoni anakimbia. Aliyeniuzia hakusema neno na mimi sikuangalia. Sekunde moja ya kusogeza kiswichi na kalamu ingeokoa mshahara wa mwezi. Tangu siku hiyo hakuna mashine ninayoichomeka bila kupapasa nyuma yake kwanza. Kama haina kiswichi soma stika, ikiandika 100-240 hiyo inajirekebisha yenyewe, iko salama.

Pili, wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa sio wati unazopata. Hasa hizi pawa saplai za bei ya chini zisizo na jina la kueleweka, zimeandikwa 500W ubavuni zinang'aa. Soma ule mstari wa 12V kwenye stika, utaona ampea, zidisha na 12. Ikiwa ni ampea 18 basi 12 mara 18 ni wati 216, na hizo ndo zinazoenda kwenye prosesa na kadi, zile 500 hazipo. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 utaikuta na ampea 36, 38, 40 hivi kwenye 12V. Pima na uzito mkononi pia, nyepesi kama boksi la biskuti iache. Nembo ya 80 Plus, ya kuonesha haipotezi umeme mwingi, inasaidia ingawa nayo inagushiwa, hesabu ya ampea ndo ushahidi wangu mkubwa.

Tatu, mashine za ofisi zina plagi zao. Mazabodi ya kawaida inalishwa kwa plagi ya pini 24, ila OptiPlex 9020 inatumia pini 8 na HP EliteDesk 800 G1 inatumia pini 6. Maana yake ukitaka kubadilisha pawa saplai uweke kubwa unahitaji na waya wa kubadilishia, na kwenye HP wakati mwingine hata mashimo ya skrubu hayalingani. OptiPlex 7010 tawa ina pini 24 za kawaida, ila hiyo inaishia jenaresheni ya 3. Kwa hiyo kabla hujapanga kubadili pawa saplai fungua mfuniko, hesabu pini, piga picha.

Kwa mtu ambaye hataki kugusa pawa saplai, na wengi nawashauri msiguse, kuna kadi zinazokula umeme wa kwenye mazabodi tu bila waya wa ziada. Tundu lile la PCIe linatoa mpaka wati 75, kadi ikiwa chini ya hapo unaichomeka na kazi imeisha. GTX 750 Ti ni wati 60, ya mwaka 2014, GB 2, hii kwa PES za zamani na GTA V kwenye kioo kidogo bado inatembea. GTX 1050 Ti ni wati 75, GB 4, na hii kwa mtazamo wangu ndo kadi ya wananchi, tangu 2016 mpaka leo inafanya kazi yake bila kelele. GTX 1650 ni wati 75 pia, ya 2019, inaizidi 1050 Ti vizuri tu, ila soma nyuma ya boksi maana kuna matoleo ya 1650 yaliyowekewa tundu la waya wa pini 6 na mashine yako ya ofisi haina waya huo. Ukiwa na nafasi zaidi kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, wati 70, hiyo kwa kadi za gemu ni kati ya kali zaidi ambazo tawa ya ofisi inazimeza bila kubadilishwa kitu. RX 6400 ni wati 53 na ni fupi, ila imejengwa kwa njia nne tu za PCIe, kwenye mashine za zamani inapungua nguvu kuliko unavoona kwenye video za watu wenye mashine mpya, mimi singeiweka kwenye jenaresheni ya 4.

Kadi za kulishwa waya, yani RX 570, RX 580, GTX 1060, 1660 Super, ni nzuri kwa kila shilingi kama una pawa saplai ya kweli. Nyingi zilizopo mtaani zilichimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana, uchimbaji wa Ethereum kwa kadi uliisha Septemba 2022 na mizigo ikamwagwa dunia nzima. Kadi ya mgodini sio lazima iwe kimeo, nimeshika kadhaa zinadunda, ila feni zake huwa zimechoka na pesti ya joto, ile dawa ya kupitisha joto kwenda kwenye kipoozeo, imekauka, panga hela ya kuifufua.

Sasa kupigwa. Kuna kadi za kale, GTS 450 na wenzake, zimebadilishwa bayosi, ile programu ya ndani ya kadi, zikaandikwa 1050 Ti na Windows yenyewe inaamini. Ishara ya kwanza rahisi, 1050 Ti ya kweli haina tundu la VGA, ukiona VGA nyuma ya kitu kinachoitwa 1050 Ti rudisha hela mfukoni. Ya pili, washa programu ya GPU-Z, ni ndogo inakaa kwenye flashi, ikigundua ujanja inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Kuna na vitu ambavyo sio feki ila jina linakuvuta, RX 580 yenye maandishi 2048SP ni sawa na RX 570 kiutendaji, usilipe bei ya 580. GTX 1060 ya GB 3 sio ile ya GB 6 iliyopunguzwa kumbukumbu tu, hata kori zake ni chache, 1152 kwa 1280. Na GT 1030 zipo mbili kwa aina ya kumbukumbu, ya GDDR5 na ya DDR4, ile ya DDR4 ni pole mno, kama huwezi kujua ni ipi iache.

Kuna njia ya pili kwa asiyetaka mtumba, nayo ni kuunda na prosesa yenye grafiksi ndani yake. Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina kori 6 thredi 12 na grafiksi ya Vega 7, unanunua mazabodi ya AM4 (soketi inayoipokea prosesa hiyo), RAM, SSD (diski ya kasi), pawa saplai nzuri, unaanza kucheza PES na GTA V bila kadi kabisa, kadi unakuja kuongeza ukishajipanga. Nawapendekezea wanachuo hii. Masharti mawili tu. Prosesa iwe na herufi G, maana Ryzen 5 5500 na 5600 za kawaida hazina grafiksi, na Intel yenye F mwishoni kama i3-12100F nayo haina, bila kadi ni kioo cheusi. Na RAM ziwe vipande VIWILI, GB 8 mara mbili sio GB 16 kimoja, kwa sababu grafiksi ya ndani haina kumbukumbu yake inaazima ya RAM, na vipande viwili vinafungua njia mbili kwa pamoja. Kipande kimoja kitakuibia fremu nyingi hata ukabadilisha setingi zote.

RAM yenyewe sasa imekuwa habari nyingine. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka mzigo kwenye mitambo ya AI, na sisi huku tunaipata mwishoni kabisa mwa mnyororo. Kwa hiyo ukikuta mashine ya ofisi ina GB 16 tayari na nyingine ina GB 8, usidharau tofauti ile, linganisha na bei ya kuongeza RAM baadae. RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani hata ukilazimisha, jenaresheni ya 4 ni DDR3, kuanzia ya 6 nyingi ni DDR4 ila kagua mazabodi yenyewe. Na ile ya laptopu ni fupi, usibebeshwe.

SSD sitaki kusema mengi, weka. Hata ya SATA ya GB 240 kwa Windows na gemu moja mbili, zingine ziache kwenye hadi disiki ya zamani. Mashine za jenaresheni ya 4 usizinunulie NVMe, ile SSD ya kibao chembamba, bayosi zake kwa kawaida haziwakii kutoka humo. Keisi ya mataa ya rangi, kibodi inayowaka, hivyo vyote ni vya mwisho, mataa hayaongezi fremu.

Bei siziandiki hapa maana zinabadilika kila kontena likishuka, ila mgawanyo wangu uko hivi, kwenye kila elfu 10 uliyonayo, elfu 4 ziende kwenye tawa yenyewe, elfu 3 na mia 5 kwenye kadi, elfu 1 kwenye SSD, elfu 1 kwenye kulinda umeme, na mia 5 ubaki nayo kwa adapta, pesti na nauli. Ukiona kadi inataka kula elfu 6 ya kila elfu 10 jua umeshatoka njiani.

Kununua, maduka ya hapa Tanga uyapitie kwanza, bei inaweza kuwa juu kidogo ila ikizingua unarudi kwa miguu. Ukienda Kariakoo nenda wewe mwenyewe au mtume ndugu anayejua, na flashi yenye GPU-Z, CPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark. Iwashwe mbele yako. CPU-Z ikuoneshe prosesa kamili, CrystalDiskInfo ikuoneshe masaa ambayo diski imetumika na afya yake, FurMark, inayoichosha kadi makusudi, iendeshe dakika 15 ukiangalia madoa ya rangi, mistari, au kioo kuzima. Muuzaji akikuambia "bosi wangu umeme hamna hapa, we chukua tu mimi nipo", mwambie kwa heshima nitarudi umeme ukirudi. Andikisha risiti yenye namba ya kadi na siku za kurudisha.

Ikija kwa basi CHOMOA KADI. Dar mpaka hapa ni kilomita 350 hivi, matuta yote ya Chalinze, Segera, Muheza, na kadi nzito inaning'inia kwenye tundu lake, inafika stendi ya Kange tundu limepasuka. Kadi ifunge kwenye sponji ya godoro, kaa nayo mapajani. Tawa ilaze ubavu, mazabodi ikiwa chini.

Ukishafika nayo, adui wako hapa ni umeme, joto na chumvi. Umeme ukikatika sio shida kubwa, shida ni unavorudi kwa kishindo. Friji gadi ni ya lazima, inasubiri dakika kadhaa umeme utulie ndo inaruhusu. UPS, lile boksi lenye betri ndani, ni bora zaidi, za 650VA nyingi zinabeba wati 360 hivi, mashine ya ofisi yenye 1650 na monita inaingia humo, inakupa dakika chache za kuseva na kuzima kistaarabu. Usitegemee kumalizia mechi.

Joto, usiiweke ndani ya kabati la TV. Iache sentimita 15 ukutani, feni moja ya nyuma ya kutoa hewa na moja ya mbele ya kuingiza zinatosha. Kadi za enzi ya GTX 10 zikigusa nyuzi 83 hivi zinaanza kujipunguza kasi zenyewe, ndo ile mtu analalamika gemu ilianza vizuri baada ya nusu saa ikawa nzito. Mashine ya mtumba ukiinunua badilisha pesti ya prosesa siku ya kwanza, iliyopo ina miaka kumi. Na kama unakaa upande wa Raskazone upepo wa bahari unakuja na chumvi, nimefungua mashine za kule skrubu zimeshika kutu na miguu ya RAM imepata ukungu wa kijani. Kila miezi mitatu ifungue, brashi laini ya kupakia rangi, feni uzizuie kwa kidole zisizunguke unapopuliza, miguu ya RAM ifute kwa kifutio cha penseli taratibu. Ikikaa bila kutumika muda mrefu iwashe hata nusu saa kwa wiki, joto lake lenyewe linakausha unyevu.

Na hesabu ya LUKU iongee na wakubwa wa nyumba mapema kabla haijawa ugomvi. Mashine na kioo tuseme wati 200 ukiwa unacheza, masaa manne kwa siku ni uniti 0.8, kwa mwezi ni uniti 24. Kama nyumbani mko kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu theluthi nzima, na mkivuka mnalipa bei nyingine. Punguza fremu ziwe 60, gemu haina haja ya kuchora fremu 140 kwenye TV inayoonesha 60, na umeme unashuka papo hapo.

Yule mtoto wa shangazi, ile 580 hatimaye tulimpata kijana wa Chumbageni mwenye pawa saplai ya kweli, akaichukua kwa hasara kidogo. Hela ile tukatafuta 1050 Ti fupi ya kimo kidogo kwa ajili ya ile ile Dell nyembamba, na chenji ikabaki ya SSD. Anacheza PES 2021 kwenye TV ya sebuleni, fremu 60 hazitikisiki, watoto wa mtaa wamejaa mlangoni. Ukiitafuta ya aina hiyo muulize muuzaji kama kile kibati kifupi kipo kwenye boksi, kadi inakuja imefungwa kibati kirefu, na usipokuwa na kile kifupi hutaweza kuifunga skrubu.